Mbona blaiti nyingine inaua nyanya haraka kuliko nyingine? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nayapata karibu kila msimu wa mvua na mengi yanaanza vilevile: "mkuu, mbegu ileile, dawa ileile ya mwaka jana, mbona safari hii shamba limeungua kwa wiki moja?" Nimeona niyaweke pamoja niyajibu kwa kirefu maana jibu lake linagusa jambo ambalo wakulima wengi hawajawahi kuambiwa, kwamba ukungu wenyewe unatofautiana, kuna mpole na kuna mkali kweli kweli, na jina moja la ugonjwa linaficha vitu vingi.

Tukisema blaiti tunamaanisha ugonjwa gani hasa?

Mkanganyiko unaanzia hapahapa. Kwenye nyanya kuna bakajani chelewa, inayoletwa na kimelea kinaitwa Phytophthora infestans, halafu kuna bakajani tangulia, hii inaletwa na jamii ya Alternaria. Usidanganywe na hayo majina ya kuchelewa na kutangulia, ile "chelewa" inaweza kukukuta mche uko kitaluni bado.

Namna ya kuzitofautisha, amka mapema kabla jua halijakauka umande, shika jani lenye doa uligeuze chini. Kama ni chelewa utaona doa la rangi ya kijani iliyofifia kama jani limemwagiwa maji ya moto, na pale doa linapokutana na sehemu nzima kuna utando mweupe mwembamba kama unga umenyunyizwa, ukichelewa mpaka saa tano jua likiwa kali huo unga hauuoni tena. Tangulia haina huo unga, doa lake ni kavu, kahawia, lina duara ndani ya duara kama mti uliokatwa, limezungukwa na unjano, na mara nyingi linaanzia majani ya chini yaliyozeeka. Sehemu kubwa ya majibu yangu hapa ni ya chelewa kwa sababu ndo inayoua haraka, tangulia nitaifikia.

Ni fangasi kweli? Nimesikia eti siyo.

Umesikia sawa. Alternaria ni fangasi halisi. Phytophthora siyo, iko kwenye kundi linaitwa oomaiseti, ukoo wake uko karibu na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga, ukuta wa seli yake umejengwa na selulosi na ina mbegu (spora, yani vijichembe vyake vya kuzaliana, siyo mbegu ya kupanda) zinazoogelea majini kwa vijimkia viwili. Watu wanaona haya ni mambo ya darasani lakini yanakugusa mfukoni, maana kuna dawa za fangasi ambazo haziifanyi kitu chochote oomaiseti na za oomaiseti ambazo hazigusi Alternaria, unapuliza mpaka pampu inaisha na ugonjwa unaendelea na safari zake.

Ukali wa kimelea maana yake nini? Si ndo kule kuvunja kinga ya mmea?

Hapana, ni vitu viwili na vikichanganywa ndo watu wanatupiana lawama bure. Kuvunja kinga ni swali la ndiyo au hapana: hii nyanya ina kinga fulani, je kimelea hiki kinaweza kuingia au hakiwezi? Ukali ni swali la kiasi: kikishaingia, kinafanya kazi kwa kasi gani, kinaharibu eneo kubwa kiasi gani, kinazaa kiasi gani.

Chukua wezi wawili, wote wana funguo ya mlango wako. Mmoja anaingia anabeba redio anaondoka, mwingine anaingia anahamisha nyumba nzima halafu anawaita wenzake. Funguo ni ileile, ukali ndo haufanani. Na kuna kimelea kikali sana lakini hakina funguo ya mbegu uliyopanda, hicho hakikusumbui kabisa mpaka siku kipate funguo.

Huo ukali unapimwaje?

Hili swali nalipenda maana ukishaelewa vipimo vyake unaanza kuangalia shamba lako kwa macho mengine. Wataalamu hawapimi kitu kimoja wakaita ukali, wanapima vipande vyake. Cha kwanza ni uwezo wa kuambukiza, yani ukiweka mbegu za ukungu mia moja juu ya jani ni ngapi zinafanikiwa kutengeneza doa. Cha pili ni muda wa kukaa kimya, siku ngapi zinapita tangu kimelea kiingie mpaka kianze kutoa mbegu zake chenyewe. Halafu wanaangalia doa linatanuka milimita ngapi kwa siku, na mwisho linatoa mbegu kiasi gani likishakomaa.

Maabara wanachuma vijani vizima vya nyanya, wanavilaza chali kwenye sahani yenye unyevu, wanadondoshea tone dogo la maji lenye mbegu za ukungu zilizohesabiwa, halafu wanaviacha kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hivi na kuvikagua kila siku. Mimi siku moja nilifanya kienyeji tu kwa vibakuli viwili vya plastiki vyenye tishu iliyoloweshwa, majani ya nyanya moja, lakini ukungu nilitoa sehemu mbili tofauti. Bakuli la kwanza siku ya nne tayari kuna unga mweupe umezunguka doa. La pili mpaka siku ya sita ndo nikaona kitu, tena kidogo, na doa lenyewe halijafika nusu ya lile la kwanza. Sikuhesabu mbegu kwa hiyo siwezi kukuita hayo majaribio ya kisayansi, ila tangu siku hiyo sijawahi tena kusema "blaiti ni blaiti".

Kati ya vipande vyote mimi natazama zaidi muda wa kukaa kimya. Piga hesabu hii: tufanye kila doa linazaa madoa kumi mapya, ukungu mmoja unachukua siku nne kumaliza mzunguko na mwingine siku tano. Ndani ya siku ishirini wa siku tano umezunguka mara nne, doa moja limekuwa elfu kumi. Wa siku nne umezunguka mara tano, ni laki moja. Tofauti ya siku moja tu, na shamba moja bado lina matumaini na lingine limekwisha. Shambani namba hazitoki laini hivyo, mvua na jua vinaingilia, lakini ndo namna tofauti ndogo inavyogeuka msiba.

Mwaka jana nilipata madoa mawili matatu, mwaka huu shamba zima. Ni ukungu mkali umeingia?

Inawezekana ndiyo, ila usikimbilie hapo kabla hujauliza hali ya hewa ilikuwaje. Bakajani chelewa inataka jani lilowe masaa mengi, unyevu wa hewa upite asilimia 90, na ubaridi wa wastani. Chini ya nyuzi 15 hivi mfuko mmoja wa mbegu unapasuka na kutoa mbegu kadhaa zinazoogelea, kila moja inaweza kuanzisha doa lake. Joto likipanda kwenye nyuzi 20 na kitu ule mfuko unaota wenyewe moja kwa moja, unapata doa moja badala ya kadhaa. Kwa hiyo ukungu uleule, bila kubadilika hata kidogo, wiki ya mawingu na manyunyu unaonekana simba na wiki ya jua kali unaonekana paka.

Mmea nao unachangia. Nyanya iliyobanana isiyopitisha hewa, majani yanayomwagiliwa kwa juu jioni yakalala mabichi, hivyo vyote vinaongeza makali bila kimelea kubadilika. Ndo maana wanaopima ukali wanafunga kila kitu kingine kifanane, mbegu moja, joto moja, unyevu mmoja, halafu tofauti inayobaki ndo ya kimelea. Shambani kwako huwezi kufunga hivyo vyote, lakini unaweza kuangalia jirani. Mkiwa na mbegu moja, mvua moja, mmepanda wiki moja, na kwako kunaungua mara mbili ya kwake, hapo sasa anza kuwaza aina ya ukungu, au miche ilitoka wapi.

Blaiti ya viazi mviringo inaambukiza nyanya?

Kimelea ni kilekile Phytophthora infestans, ndiyo, na inaweza kuvuka. Lakini kuvuka ni kitu kimoja na kustawi ni kingine, na hapa ndipo utofauti wa ukali unaonekana waziwazi. Mwaka 2000 ulitoka utafiti wa Uganda na Kenya uliochukua vimelea kutoka viazi na kutoka nyanya, vyote vya ukoo mmoja unaoitwa US-1, yani ukivipima kwa alama za kawaida za jeni unasema ni ndugu wa tumbo moja. Wakavijaribu huku na huku. Vilivyotoka kwenye nyanya vilikuwa vikali zaidi juu ya nyanya, vilivyotoka kwenye viazi vikawa dhaifu juu ya nyanya. Ukoo mmoja, jina moja, lakini kila upande umeshazoea chakula chake.

Baadaye Afrika Mashariki ukoo mwingine unaoitwa 2_A1 ukaja kuisukuma US-1 kwenye viazi, wakati huohuo kwenye nyanya US-1 iliendelea kuonekana. Marekani nako hivyohivyo, koo za US-8 na US-24 zinajulikana zaidi kwa viazi, US-11 na US-23 zinashambulia vyote viwili vizuri tu. Kwa hiyo jirani yako akiwa na viazi vinavyoungua usipuuze, ila usidhani pia kwamba lazima ukali ule unaouona kwenye viazi ndo utakaoupata kwenye nyanya. Kinyume chake vilevile.

Koo, koo, koo. Ukoo wa ukungu ni nini?

Phytophthora sehemu nyingi za dunia inazaana bila kujamiiana, mbegu zake ni nakala ya mzazi. Nakala zote zilizotokana na mzazi mmoja tunaziita ukoo mmoja. Wanaupa namba, kama hizo US-23 au EU_13_A2, namba haisemi ni mkali au mpole, inakutajia tu ni nani.

Kwa muda mrefu kwenye karne ya 20 US-1 ndo ilikuwa imetawala karibu dunia nzima nje ya Mexico. Watu wengi walidhani ndo hiyohiyo iliyounguza viazi na kuleta njaa ya Ireland ya mwaka 1845 na kuendelea, mpaka mwaka 2013 walipotoa DNA kwenye majani makavu ya zamani yaliyotunzwa makumbusho wakakuta ilikuwa ukoo mwingine, wakauita HERB-1, ndugu wa karibu wa US-1 lakini siyo yenyewe.

Ukoo mpya unawezaje kufuta wa zamani?

Kwa kuzaa haraka na kuishi pale wa zamani unapokufa. Mfano unaotajwa kila mara ni EU_13_A2, wengi wanauita Blue 13. Ulionekana mara ya kwanza Ulaya bara mwaka 2004, na ndani ya miaka michache tu ukawa ndo unaoongoza Uingereza. Walipoupima kwenye majani ya viazi walikuta madoa makubwa na muda mfupi wa kukaa kimya hata kwenye ubaridi, juu ya hapo ulikuwa haufi kwa dawa ya metalaksili. Halafu ukafika kusini mwa India na huko ukapiga nyanya vibaya sana, wakati Ulaya habari yake kubwa ilikuwa viazi.

Mwaka 2009 mashariki mwa Marekani ilikuwa US-22, na ile inaniuma kila nikiisoma kwa sababu haikuletwa na upepo peke yake, ilisambaa kwa miche ya nyanya iliyokuwa tayari imeambukizwa na kusafirishwa kwenda majimbo mengi, watu wa bustani ndogo za nyumbani wakapanda ugonjwa kwa mikono yao wenyewe bila kujua. US-22 haikuwa sugu kwa metalaksili, ingeweza kuzuiwa. Iliwahi tu, na iliwahi kwa sababu ya miche. Miaka michache baadaye US-23 ikachukua nafasi na US-22 ikapotea machoni.

Hizo A1 na A2 mwishoni mwa majina ni nini?

Ni kama jinsi. A1 peke yake inazaa nakala, A2 peke yake nayo inazaa nakala, zikikutana kwenye jani moja zinaweza kujamiiana zikatoa mbegu nene zinazoitwa oospora, zinazoweza kukaa udongoni bila mmea hai. Nje ya Mexico ilijulikana A1 tu mpaka mwaka 1984 iliporipotiwa A2 huko Uswisi.

Kwa habari ya ukali, shida ya kujamiiana ni kuchanganya karata. Watoto wengi watatoka dhaifu, lakini mmoja anaweza kurithi kasi ya baba na usugu wa mama. Mahali penye jinsi moja tu huwa unapambana na adui unayemjua, mahali zilipo mbili kila msimu unaweza kuleta sura ngeni.

Ukali wenyewe unakaa wapi ndani ya kimelea?

Sehemu kubwa ni kwenye protini ambazo kimelea kinazichoma ndani ya seli za mmea ili kuzima kengele. Mmea una ulinzi wake, ukigundua mgeni unaua seli zake pale pale ili mgeni akose chakula, na zile protini kazi yake ni kuzuia hilo lisitokee. Jenomu ya Phytophthora infestans, yani maandishi yote ya DNA yake, ilipochapishwa mwaka 2009 ilikutwa na herufi kama milioni 240, kubwa kuliko za ndugu zake, na karibu robo tatu yake ni vipande vinavyojirudiarudia. Jeni nyingi za silaha zimekaa katikati ya hivyo vipande, sehemu ambazo zinavunjika, zinajinakili na kuhamahama kirahisi. Kwa hiyo hata bila kujamiiana, hata ndani ya ukoo mmoja, silaha zinabadilika, jeni moja inazimwa, nyingine inaongezeka nakala. Hii ndo sababu hata ndugu wa US-1 wa nyanya na wa viazi waliweza kuachana tabia.

Pakiti ya mbegu imeandikwa inastahimili bakajani chelewa, mbona imeungua?

Uliza inastahimili kwa kinga gani. Nyanya zina kinga chache sana zinazotumika, zinajulikana kama Ph-1, Ph-2 na Ph-3, zote asili yake ni nyanya pori yenye matunda madogo, Solanum pimpinellifolium. Ph-1 ilivunjwa zamani, leo haikusaidii. Ph-2 haizuii kuingia, inapunguza kasi tu. Ph-3 ndo yenye nguvu zaidi lakini kuna vimelea vinavyoipita. Mbegu zenye Ph-2 na Ph-3 pamoja zinakaa vizuri zaidi kuliko zenye moja.

Halafu neno lenyewe "inastahimili" lisome vizuri, maana yake inachelewa kuungua, haijasema haiungui. Mbegu yenye Ph-2 ikikutana na ukoo mpole utaona madoa machache unasema ee hii mbegu kiboko, ikikutana na ukoo mkali kwenye wiki tatu za manyunyu itaungua kama nyingine, imechelewa siku chache tu. Mbegu haijakudanganya, imekutana na mpinzani wa daraja lingine. Na hizo siku chache usizidharau, ukizitumia kupuliza na kung'oa zina thamani kubwa.

Dawa imegoma. Ni ukungu mkali au ni sugu?

Usugu na ukali ni vitu viwili vingine tena ambavyo watu wanavichanganya, na mimi nakuomba uvitenganishe kabla hujamlaani aliyekuuzia. Kimelea kinaweza kuwa sugu na bado kikawa kipole, US-22 ilikuwa upande wa pili, haikuwa sugu na ilileta hasara kubwa.

Metalaksili ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kama muujiza, mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu Ireland na Uholanzi wakawa wanaona vimelea visivyokufa. Sababu ni kwamba inapiga sehemu moja tu ya kimelea, badiliko dogo linatosha kuikwepa. Mankozebu inapiga sehemu nyingi kwa pamoja kwa hiyo usugu wake ni mgumu kutokea, ila yenyewe inakinga tu, inakaa juu ya jani kama koti la mvua, ukungu ukishaingia ndani haiufuati.

Sasa ukungu mkali asiye sugu unaishindaje dawa nzuri? Kwa kukuwahi. Ratiba ya kila siku kumi ilitosha wakati ukungu unachukua siku sita saba kuzunguka, ukija wa siku nne kuna mizunguko miwili katikati ya pampu mbili, tena majani mapya yameota hayana dawa. Dalili ninayoitumia mimi: ukipuliza dawa ya kinga kabla ya mvua na madoa mapya yakatokea kwenye majani ya juu machanga yaliyoota baada ya kupuliza, tatizo ni ratiba. Yakitokea kwenye majani ambayo uliyapuliza vizuri chini na juu kwa dawa ya kupenya, na unaona unga mweupe unaendelea kutoka kama hamna kilichotokea, hapo shuku usugu, badilisha kundi la dawa, nimesema kundi, siyo jina la chupa, maana chupa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa na kitu kilekile ndani.

Bakajani tangulia nayo ina ukoo mkali na mpole?

Ina, na hapa kuna jambo limejificha. Kwa miaka mingi kila doa la duara kwenye nyanya liliandikwa Alternaria solani. Mwaka 2000 fangasi wa kwenye nyanya akatenganishwa akapewa jina lake, Alternaria tomatophila, na mwaka 2014 jina likabadilishwa tena, sasa ni Alternaria linariae. Majina yasikuchoshe, cha kushika ni kwamba kwenye majaribio huyu wa nyanya anakuwa mkali kwenye nyanya na hafanyi makubwa kwenye viazi, na solani anaelekea zaidi viazi.

Yeye anapenda joto, nyuzi 24 mpaka 29, na hahitaji mvua ya siku nzima, umande wa usiku na kukauka mchana unamtosha. Anakaa kwenye mabaki ya mazao kwa sababu mbegu zake zina rangi nyeusi inayozikinga na jua. Hajulikani kujamiiana lakini ukichukua vimelea vya shamba moja unakuta utofauti mkubwa ajabu, vingine vinakausha jani zima vingine vinaishia doa la ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Na ukali wake unategemea sana hali ya mmea, nyanya iliyobeba matunda mengi halafu haina naitrojeni ya kutosha inaungua kuliko yenye afya hata fangasi akiwa ni yuleyule. Kwa hiyo kwa tangulia mimi nauliza mbolea kwanza halafu ndo nauliza fangasi.

Kuhusu dawa, Alternaria solani huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilionekana kuanza kuzizoea zile za kundi la azoksistrobini, miaka michache tu baada ya kuanza kutumika.

Na yale madoa madogo madogo yenye nukta nyeusi katikati?

Hiyo ni Septoria lycopersici, fangasi mwingine kabisa. Kinachonivutia kwake ni silaha: nyanya ina sumu yake ya asili inaitwa tomatini inayoua fangasi wengi, Septoria ana kimeng'enya kinachoikata ile sumu ikawa haina makali.

Ukungu mkali zaidi ndo unaoshinda siku zote?

Ungedhani hivyo, ila Phytophthora, pasipo zile oospora, inahitaji sehemu hai za mmea. Ukiua mmea wote kwa wiki moja na hakuna mwingine karibu, umejikatia tawi ulilokalia. Unaovuka msimu ni ule uliopata pa kujificha, viazi vilivyobaki ardhini, nyanya zilizojiotea pembeni mwa shamba, nyanya ya grinhausi inayolimwa mwaka mzima. Kwa hiyo kuna misimu ukoo mkali unavuma halafu unapotea, na mpole unaendelea kuwepo kimyakimya. Mahali ambapo nyanya zipo shambani miezi yote kumi na miwili, breki hiyo haipo, mkali anahama tu kutoka shamba moja kwenda lingine. Mimi hili ndo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Naweza kujua ukoo wangu kwa macho?

Huwezi, na anayekuambia anaweza anakudanganya. Ukoo unajulikana kwa kusoma alama za DNA maabara. Kuna kadi maalum za karatasi, unabana doa bichi juu yake linaacha maji maji, linakauka, DNA inabaki imetunzwa na kimelea kimekufa, unaweza kuituma mbali bila kusambaza ugonjwa. Ulaya kuna mtandao wa EuroBlight unaokusanya kadi hizo kila msimu na kuchora ramani ya koo zilipo. Kama kuna taasisi ya utafiti au afisa kilimo unayemfikia muulize kama wanachukua sampuli, na ukitoa sampuli toa doa jipya lenye ukingo wa kijani, wengi wanapeleka jani lililokauka kabisa na humo hamna kitu cha kusoma.

Unachoweza kujua kwa macho ni kasi. Chagua doa moja, funga uzi kwenye kikonyo cha jani, chora ukingo wa doa kwa kalamu ya wino, rudi kesho saa ileile uangalie limevuka mstari kwa kiasi gani. Ukifanya hivyo misimu miwili mitatu ukaandika na hali ya hewa pembeni, utakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mtaalamu anaweza kukupa.

Nikigundua huu wa safari hii ni mkali, nabadilisha nini?

Muda, basi. Kila kitu ulichokuwa unafanya unakileta mbele. Ukaguzi wa mara moja kwa wiki unakuwa kila asubuhi ya pili. Nafasi kati ya pampu inafupishwa, kwa kadiri lebo inavyoruhusu na siku za kusubiri kabla ya kuvuna usizivunje. Majani ya chini yanatolewa ili hewa ipite, maji yanawekwa kwenye shina asubuhi. Mche wa kwanza wenye unga mweupe hautibiwi, unatolewa, na namna ya kuutoa ina maana: usiukokote katikati ya mistari majani yakipangusa wenzake, subiri majani yakauke umande, ingiza mche mzima kwenye mfuko ukiwa bado umesimama, funga mdomo wa mfuko, ndo ukate shina chini. Uuache mfuko juani siku kadhaa majani yaive humo ndani kabla hujazika. Usiutupe kwenye lundo la mboji ukiwa bado mbichi, na ukitoka hapo nawa mikono kabla hujaenda kufunga kamba kwenye mstari unaofuata.

Mbegu za nyanya iliyoungua nizitunze?

Kwa bakajani chelewa hatari ya mbegu kavu ni ndogo, kimelea kinahitaji kilicho hai, ila mimi mwenyewe sitoi mbegu kwenye tunda lenye doa. Kwa tangulia usitunze, Alternaria inaweza kukaa kwenye mbegu ikaja kukata miche shingoni ikiwa bado kitaluni. Tafuta tunda safi kwenye mche uliobaki wa mwisho kuungua, huo ndo wenye kitu cha kukurithisha.